Kwetu, kwao, au kiwanja chetu wenyewe? Ulinganisho kwa wanaotaka kuoana huku Kusini

Msimu wa korosho ukifungwa na malipo ya mnada yakiingia, uwanda wa Makonde, huku kusini mwa Tanzania, hausikii kitu zaidi ya ngoma za harusi. Newala, Tandahimba, Masasi, mpaka kule pwani Lindi na Mikindani, kila Jumamosi ina wenyewe. Familia zinakaa vikao vya sare, vya mapambo, vya nani apokee mkaja wa mama na nani avikwe kilemba. Nimehudhuria vikao hivyo vingi, na ni mara chache sana nimesikia mtu akiuliza wazi: hawa wakishaoana watakaa wapi, na ardhi watakayolima ni ya nani?

Nimeketi miaka sita kwenye baraza la ardhi la kijiji chetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Nilikuwa mmoja wa hao watatu. Mashauri ya mume na mke yalikuja kwa sura nyingi: huyu kapigwa, yule kafukuzwa, mwingine shamba limeuzwa siku aliyokwenda kliniki. Ukiyafuata mpaka mwanzo wake, mengi yanakufikisha palepale: nyumba ilijengwa kwenye ardhi ya nani. Aliyeko kwao husema kwa sauti, aliyeko ugenini hunong'ona. Nimeliona hilo kwa wanawake na nimeliona kwa wanaume pia.

Kwa hiyo nalinganisha mahali patatu pa kuanzia ndoa: kwao mke, kwao mume, na penu wenyewe. Naandika kwa ajili ya watu wazima wanaochaguana kwa hiari. Binti wa shule hamo katika mazungumzo haya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, kisha mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinavunja Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Anayekuja kuposa mtoto wa kidato cha pili mwambieni arudi alikotoka.

Kukaa kwao mke

Hii ndiyo njia ya wazee wetu. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, wote walihesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa litawa (ukoo) la mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Uwanda huu hauna mito wala malisho, na kijana aliyeposa hakuja na ng'ombe kama wafanyavyo Wasukuma. Alikuja na mikono yake. Alihamia kwa wakwe, akaonyeshwa pori la kufyeka, akalima chini ya macho ya mama mkwe mpaka ijulikane ni mtu wa namna gani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: methali hiyo kwa mkwe wa kiume ilikuwa ratiba ya maisha yake.

Faida ya njia hii utaijua usiku. Mwanamke anayelala hatua ishirini kutoka kwa mama yake hapigwi kimyakimya. Kaka zake wanasikia, mama zake wadogo wanasikia, na asubuhi mume anapita uani akijua kwamba wamesikia. Sheria ya Ndoa inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko, na hilo ni jema, lakini sheria iko wilayani na ua uko hapa.

Lipo na la chumbani, ambalo watu hulikwepa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamhesabu mume kuwa amembaka mkewe pale tu walipokuwa wametengana. Mkiwa mnaishi pamoja na akakulazimisha, kifungu hicho hakikusaidii. Natamani ibadilishwe, na nitaendelea kulisema hilo kila nikipata nafasi. Ilivyo leo, kinga ya mwanamke kitandani ni watu anaoweza kuwafikia.

Hapo ndipo anapoingia somo, yaani mwanamke aliyemfunda msichana unyagoni. Wasio wa huku wakisikia unyago hudhani ni mafunzo ya kumridhisha mwanaume tu. Hayo yamo, na yamo mengine ya kumfundisha msichana kunyamaza, ambayo mimi ningeyaondoa leo hii. Pia ningeondoa haraka ya kuwacheza unyago watoto ambao miili yao haijawa tayari, maana akishatoka ndani kuna wanaume wanaomtazama kama mke. Familia nyingi sasa zinasubiri likizo, zinapunguza siku, zinachagua nyimbo. Ni hatua nzuri.

Lakini somo akishakuwa somo wako, ni wako mpaka kufa. Anaambiwa yale ambayo mama mzazi haambiwi: mume wangu ananilazimisha, mume wangu hanigusi, mume wangu kaniletea ugonjwa. Somo hapigi kelele. Anavaa khanga yake, anakwenda kwa waliomsimamia yule kijana jandoni, na neno linamfikia mwenyewe kwa mlango ambao hawezi kuukataa. Nimeona ndoa zikipona kwa njia hiyo, na nimeona mwanamke akiruhusiwa kuondoka bila aibu kwa njia hiyohiyo. Ila somo anafanya kazi akiwa karibu. Ukiolewa mbali, somo anabaki jina.

Sasa upungufu wake, na si mdogo. Kwanza, ukoo wa mama si utawala wa mama. Watu wanaotusifia kwamba Kusini wanawake ndio wenye nguvu hawajaketi na mjomba. Ardhi unayoiita yetu, mjomba ndiye aliyezoea kuigawa, kwa hiyo unaweza kuwa umekwepa sauti ya mume ukajikuta chini ya sauti ya kaka wa mama yako. Shangazi mmoja kijijini kwetu alilima kipande kimoja miaka kumi na minne, kisha mjomba akakigawa kwa mpwa mwingine aliyerudi kutoka mjini. Hakuna aliyemuuliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, lakini mpaka mtu alitaje hilo mbele ya mjomba, muhogo umeshang'olewa.

Pili, mume. Nimewasikiliza wanaume hawa barazani, na sikuwadharau. Mkwe aliyekaa ukweni miaka kumi bado anaitwa "mume wa fulani". Akichangia kwenye kikao, wanamsikiliza kama mtu anayesikilizwa kwa heshima tu. Wengine huvumilia, wengine huanza kuondoka siku mbili, wiki, mwezi, na siku moja hawarudi. Huku Kusini watu huachana upesi, na nyumba zinazoongozwa na mama peke yake ni nyingi. Naamini sababu moja ni hii: mwanaume ambaye hana mzizi mahali, kuondoka hakumgharimu kitu.

Na mzizi wenyewe ni mkorosho. Zamani, watu walipoishi kwa muhogo, mtama na mbaazi, kuhama ukweni hakukuwa na hasara kubwa: unachopanda mwaka huu unakila mwakani. Mkorosho unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu na unaendelea kwa miongo. Mwanaume aliyepanda mikorosho ukweni anajiuliza: nikiachika, miti hii inabaki na nani? Kwa desturi ya kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na wanaweza kuwa watu wawili. Hapo ugomvi huzaliwa.

Shauri lililoninyima usingizi lilikuwa la bwana aliyepanda mikorosho sitini kwenye ardhi ya mkewe, akaipalilia na kuipulizia dawa ya salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga kila mwaka, kisha ndoa ikavunjika. Ndugu wa mke wakasema ondoka na nguo zako. Mke mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, maana alijua kazi aliyoifanya yule bwana. Tulikwenda shambani tukaihesabu mmoja mmoja, tukawasuluhisha wagawane mavuno ya misimu kadhaa, kisha miti ikabaki kwa watoto. Hakuna aliyefurahi sana. Karatasi moja iliyoandikwa siku ya kupanda ingetuokolea miezi mitano.

Kukaa kwao mume

Vijana wengi sasa huchagua hivi, na si kwa kuiga tu watu wa bara. Baba akishakuwa na mikorosho yake anataka imfuate mwanawe badala ya mpwa wake. Dini zimesaidia, shule zimesaidia, lakini naona mkorosho umefanya kazi kubwa kuliko mahubiri. Mume akiwa kwao anapanda kwa moyo, anajenga kwa tofali, na watoto wanamwona baba yao akiheshimiwa. Ukipata wakwe wema, ni maisha mazuri kabisa, na wapo wengi ninaowajua wanaoishi hivyo kwa amani.

Kazi, hata hivyo, ihesabu. Mkamwana kwenye uwanda huu maana yake ndoo. Maji ya bomba hayajafika kila ua, na yakikatika anayeteremka bondeni si shemeji. Hilo linajulikana, sitalikazia.

Nitakalolikazia ni hatari ambayo binti wa Kusini anaibeba mara mbili. Mwenzake wa Usukumani au Umasaini akienda kwa mume, watoto wake ni wa ukoo wa mume, kwa hiyo ardhi ya pale ni ya wanawe hata yeye akibaki mgeni. Huku kwetu sivyo. Kwa hesabu ya zamani watoto wako ni wa litawa lako, na warithi wa mume wako ni watoto wa dada yake. Basi ukikaa kwao mume na mume akafa, wewe ni mgeni na watoto wako wanaweza kuitwa wageni. Umeacha ulinzi wa njia ya kwanza bila kupata fidia ya njia ya pili.

Nilimwona mjane wa namna hiyo. Arobaini ilikuwa haijapita, wapwa wa marehemu wakaja na kamba ya kupimia. Waliita mila. Alikuwa ameishi pale miaka ishirini na moja, wanawe watatu wamezaliwa pale, na hapakuwa na hata kipande cha karatasi chenye jina lake. Wazee wa mtaa ule walikuwa wote ndugu wa mume. Alinong'ona shauri lake, kweli alinong'ona, mpaka mwenyekiti akamwomba arudie.

Mtu akikwambia "sheria ya mila imeandikwa", jua kwamba Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo mahakama hulitaja sana, liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Halikuandikwa kwa ajili ya Mmakonde wala Mmwera. Usikubali mtu akusomee mila ya watu wengine kwa sauti ya ukali ukadhani ndiyo yako.

Kwa Waislamu, na ndio wengi huku, mirathi ya dini inampa mke thumuni kama marehemu ana watoto na robo kama hana, na binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Wanawake wengi hulalamikia thumuni, na nawaelewa. Lakini mbele ya wapwa wenye kamba, mafungu hayo ni ngao: mtoto wa kiume wa marehemu akiwepo, mtoto wa dada wa marehemu hapati fungu lolote. Yule mjane aliokolewa na shehe aliyekuja kulisema hilo hadharani. Kama mmeoana kwa dini, mume aseme mapema mbele ya dada zake kwamba mirathi yake itagawanywa kwa dini.

Penu wenyewe

Njia ya tatu ni kununua shamba lisilo la ukoo wowote, au kiwanja Masasi, Nachingwea au Mtwara mjini. Kwa karatasi, hii ndiyo inayomlinda mwanamke vizuri zaidi. Hati miliki ya kimila kijijini inaweza kutolewa kwa majina ya wote wawili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua mwenza aliyechangia kazi kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mmoja. Sheria ya Ndoa inakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Aliyepika, akalea na kuteka maji hakukaa bure.

Kagueni tu historia ya ardhi kabla ya kulipa. Operesheni ya vijiji ya miaka ya sabini iliwahamisha watu wetu mbali na mashamba yao. Uzalishaji wa korosho nchini ukashuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi kama tani 17,000 msimu wa 1986/87, na kuachwa kwa mashamba kulichangia. Wengine walirudi baadaye kudai miti yao, wengine walikuta watu wameshajenga. Mtu akikuuzia "shamba letu toka enzi", mwulize toka enzi ya nani, na majirani wa pande zote nne wawepo.

Upungufu wa njia hii ni upweke. Nyuma ya ukuta wa matofali mjini hakuna mama mdogo anayesikia. Binamu yangu alikaa mjini miaka sita na jina lake kwenye hati, na siku alipovunjwa mkono sisi huku kijijini tulijua baada ya wiki tatu. Hati ililinda nyumba. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumlinda.

Daftari la chama cha msingi

Popote mtakapokaa, liko jambo moja ambalo kwangu ni kipimo cha nani ana nguvu ndani ya nyumba ya mkulima wa korosho: jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, na malipo humfikia aliyeandikishwa. Mke anaweza kuokota korosho tangu Oktoba mpaka mgongo ukatae kunyooka, pesa ikaingia akaunti ya mume, na yeye akaisikia kwa majirani. Ndiyo maana wanawake wengi huchota kilo mbili tatu wakawauzia kangomba, walanguzi wa kichochoroni, kwa bei ya kutupa: angalau hiyo wanaishika mkononi. Wengine hukamua mabibo wakauza uraka, au huchimba ming'oko kiangazi na kuichemsha kwa ajili ya kuuza stendi. Watu huwaita wezi wa korosho za waume zao. Mimi sijawahi kuwaita hivyo.

Kukaa kwao mke kuna faida hapa: ardhi ni ya upande wake, na ni rahisi yeye kuandikishwa kama mkulima. Kwao mume, ombeni sehemu ya miti iandikwe jina la mke. Kwenye shamba lenu wenyewe, kila mmoja na namba yake.

Ningemshauri nani achague ipi

Kama wewe binti ni mara yako ya kwanza kuolewa, huna kipato chako na hujamjua mwanaume sana, anzia kwenu. Miaka mitatu minne ya mwanzo ndiyo inayoonyesha tabia ya mtu, ni heri ionekane mbele ya macho ya watu wako. Lakini mtendeeni haki mkwe wenu: mpeni eneo la miti yake, iandikwe, na mjomba atie sahihi.

Kama mume ana mikorosho iliyokwisha kukomaa kwao, hakuna maana kuiacha ili kushika desturi. Nenda. Ila usiende kabla dada zake hawajasikia kwa masikio yao watoto wako watarithi nini, na usiende mahali ambapo somo wako au mama yako hawezi kufika na kurudi kwa siku moja.

Kama nyote mna kazi, au mmepata misimu miwili mizuri, nunueni penu, majina mawili, na mjitafutie majirani kabla ya kujitafutia makochi. Walioachika wakaoana tena, hasa wenye watoto wa pande mbili, nawashauri njia hii bila kusita.

Kwa wanaokaa pamoja bila ndoa ya aina yoyote: Sheria ya Ndoa inaweza kuwachukulia kuwa wanandoa mkishaishi hivyo miaka miwili au zaidi na kuheshimika kama mume na mke, lakini dhana hiyo mwenzako anaweza kuipinga, na wewe ndiye utakayehangaika na mashahidi. Nendeni bomani, au msikitini, au kanisani, mpate cheti.

Binti yangu wa pili anaolewa msimu huu ukiisha. Watakaa kwetu miaka minne, kisha wahamie kwenye ekari mbili wanazoendelea kuzilipia njia ya Masasi. Jumapili iliyopita tulikwenda shambani na kijana, na mjomba wake binti, na somo. Tumempimia eneo la mikorosho arobaini. Yameandikwa makubaliano mawili yanayofanana, moja amelichukua mjomba, lingine somo amelikunja akalifunga kwenye pindo la khanga yake.